Sura ya Saba: Chuma Kinachorudi Nyuma

Trokari ya Jadelle, vijiti viwili vya kuzuia mimba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, ni mrija mwembamba wa chuma. Ncha yake imekatwa mshazari, na ndani yake hupita fimbo ndogo ya kusukumia. Ukiiona kwenye sinia ya kituo cha afya, kando ya pamba na kichupa cha ganzi, hutaona cha ajabu isipokuwa alama mbili zilizochorwa ubavuni, moja karibu na shina na nyingine karibu na ncha. Alama hizo ndizo akili yote ya chombo. Ya juu humwambia muuguzi aishie wapi anapoingia. Ya chini humwambia aishie wapi anaporudi, ncha isije ikachomoka kwenye tundu kabla kijiti cha pili hakijakaa mahali pake.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Mama hulala chali, hukunja mkono asioutumia sana na kuuweka kando ya kichwa. Muuguzi hupima sentimita 8 hadi 10 juu ya kifundo cha kiwiko, upande wa ndani, hufuta ngozi kwa dawa, kisha huchoma ganzi. Hapo ndipo penye uchungu. Yanayofuata mama huyahisi kama kusukumwasukumwa tu. “Mama, usiangalie huku, tuongee,” muuguzi humwambia, na maongezi huwa ya watoto, au ya bei ya ndagala sokoni. Ngozi hutobolewa tundu la milimita 2 au 3. Trokari huingia ikilala, mdomo wa mshazari ukitazama juu, ikiinua ngozi njia nzima ili isizame kwenye nyama. Ikifika kwenye alama ya juu, kijiti hutiwa kwa nyuma, fimbo ikakisukuma taratibu hadi kigome.

Kinachofuata ndicho ambacho wanafunzi hukikosea. Ukiona fimbo na mrija, mkono unataka kusukuma, kama mtu apigaye sindano. Ukisukuma umeharibu: kijiti kitakwenda kisikotakiwa, au kitapinda. Muuguzi aliyefundwa hushikilia fimbo isisogee hata kidogo, halafu huuvuta mrija kuja kwake. Chuma hurudi nyuma na kijiti hubaki pale pale kilipo. Kisha hugeuza ncha kidogo pembeni bila kuitoa, na kukiweka cha pili, viwili vikikaa kama herufi V chini ya ngozi. Hakuna uzi wala mshono. Ni plasta na bandeji, na onyo la kutolowesha mkono kwa siku tatu hadi tano, onyo gumu kwa mwanamke wa Kalemie, mashariki mwa Congo, anayefua nguo katika Ziwa Tanganyika.

Kila kijiti kina urefu wa milimita 43 na unene wa milimita 2.5. Ndani mna miligramu 75 za homoni iitwayo levonogestreli, na homoni hiyo hupenya kuta zake polepole kwa miaka 5. Kati ya wanawake 100 wanaotumia vijiti, hapatikani hata mmoja apataye mimba ndani ya mwaka. Wengi hubadilika hedhi: damu ya matone isiyo na mpangilio, au hedhi kukoma kabisa. Anayetumia dawa za UKIMWI zenye efavirenzi, au rifampisini ya kifua kikuu, anapaswa kuambiwa kwamba dawa hizo huipunguza homoni mwilini na kinga hupungua nayo.

Ukuta huo wa kijiti ni silikoni. Ni kwa silikoni hiyo tunavuka bahari.

Mwaka wa 1962, katika Hospitali ya Jefferson Davis mjini Houston, Texas, madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walimpasua mwanamke aitwaye Timmie Jean Lindsey na kumwekea matiti ya silikoni, ya kwanza duniani ya aina hiyo. Lindsey alikuwa amekwenda kufutwa chale za wino kifuani. Husimuliwa kwamba Gerow alipata wazo hilo aliposhika mfuko wa plastiki uliojaa damu na kuona ulaini wake, na kwamba aliyetangulia kujaribiwa alikuwa mbwa. Kampuni iliyowatengenezea ilikuwa Dow Corning, na mpira wake wa silikoni uliuzwa kwa jina la Silastic.

Miaka miwili baadaye, 1964, daktari kijana Judah Folkman na mwenzake David Long, wakiwa kazini katika jeshi la majini la Marekani huko Bethesda, waliandika kwamba mpira huo huo wa silikoni hupitisha baadhi ya dawa kwenye kuta zake, polepole na kwa kiwango kisichobadilika sana. Wao walikuwa wanashughulika na moyo. Sheldon Segal wa shirika la Population Council mjini New York na Horacio Croxatto wa Chile waliona matumizi mengine: jaza homoni kwenye kijimrija, kiweke chini ya ngozi, mwanamke asahau habari ya kidonge kwa miaka. Mwaka wa 1983 Finland ikawa nchi ya kwanza kuidhinisha Norplant, mirija sita ya Silastic yenye miligramu 36 za homoni kila mmoja. Jadelle ni mtoto wake, mirija sita ikiwa imepunguzwa kuwa vijiti viwili.

Basi mpira uliofunika gel ya matiti ya Houston ndio uliobeba homoni ya Norplant, na tatizo la kuingiza lilikuwa moja: utapitishaje kitu kikubwa kwenye tundu dogo, bila kukipasua na bila kukichafua? Kwenye vijiti jibu lilikuwa trokari. Kwenye matiti fedha zilikuwa nyingi na majibu yakawa mengi. Wapo waliotumia mifuko mitupu, ikakunjwa na kuingizwa, kisha ikajazwa maji ya chumvi ikiwa ndani; miaka ya 1990 madaktari wengine wa Marekani waliipitisha mifuko hiyo kwenye kitovu kwa mrija mrefu, ili kovu lisionekane kifuani kabisa. Mfuko wa gel haukubali ujanja huo kwa kuwa huja umeshajaa. Daktari alikuwa akiusokota kwa vidole kupitia mkato wa sentimita kadhaa, huku ukigusa ngozi na bakteria zake. Ndipo, mwishoni mwa miaka ya 2000, ilipoingia sokoni koni ya plastiki yenye utelezi ndani, mfano wa ile ya mwokaji anayepamba keki: mfuko wa silikoni hutiwa upande mpana, koni hukamuliwa, nao huchupa ndani bila kuguswa na mkono. Mkato ukapungua. Kila koni hutumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa.

Sina kinyongo na koni hiyo. Mwanamke aliyekatwa titi kwa saratani anastahili kovu fupi, na anayetaka matiti makubwa kwa hiari yake hahitaji ruhusa yangu. Nimeitaja kwa sababu ukizipanga mezani trokari, koni na vifaa vingine vilivyobuniwa kwa ajili ya silikoni, utaona vingi ni vya kuingizia. Vya kutolea ni vichache.

Hilo lilijulikana kwa matajiri kabla ya kujulikana kwetu. Mwaka wa 2010 iligundulika Ufaransa kwamba kampuni ya Poly Implant Prothèse, PIP, ilikuwa ikijaza matiti bandia silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Wanawake wapatao 300,000 duniani walikuwa nayo vifuani. Mwishoni mwa 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wake wapatao 30,000 wakaitoe, ikakubali kulipia. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo mwaka wa 2013. Lakini hata mbele ya fedha za serikali, mifuko ile haikuwa na chombo cha kuivuta. Ni kisu, saa za chumba cha upasuaji, na usingizi wa dawa.

Sababu imo katika mwili wenyewe. Kitu kigeni kisichoozeka kikikaa chini ya ngozi, mwili hukijengea ala: utando mgumu wa nyuzi unaokizunguka pande zote. Kwenye titi, ala hiyo ikikaza sana hulifanya titi kuwa gumu na kuuma, nayo ni miongoni mwa sababu kubwa za wanawake kurudi kwa daktari. Kwenye mkono, ala ya kijiti ni nyembamba na haidhuru, ila kijiti hakitoki mpaka ipasuliwe. Muuguzi huchoma ganzi chini ya ncha za vijiti, wala si juu yake, maana uvimbe wa ganzi ungevificha. Hukata milimita 4 hivi, hubana ncha ya kijiti kwa koleo ndogo iliyopinda, kisha hukwangua ule utando mweupe kwa ubapa wa wembe hadi silikoni ionekane iking’aa. Hapo ndipo koleo ya pili hukivuta. Indonesia, nchi iliyotumia Norplant kwa wingi sana, daktari Untung Praptohardjo alibadili koleo ya kufungia uzazi wa wanaume, akaipa mdomo wa pete unaokishika kijiti kwa ubavu. Ni chombo kizuri mno, na kituo kidogo ambacho hakijawahi kukiona si jambo la kushangaza.

Ugumu wa kutoa huamuliwa siku ya kuweka. Kijiti kilicholala juu juu, kinachoonekana kama mshipa chini ya ngozi, hutoka kwa dakika chache. Kilichozama kwenye msuli huhitaji mashine ya kupiga picha kukitafuta na mtu anayejua mishipa ya damu na ya fahamu inakopita upande ule wa mkono. Ndiyo maana kampuni ya Organon, iliyotoa Implanon ya kijiti kimoja, baadaye ilileta Implanon NXT: kijiti kimewekwa tayari ndani ya kifaa, muuguzi huchoma, hulaza, kisha huvuta kitelezi na sindano hurudi ndani ya mpini. Ni kanuni ile ile ya chuma kinachorudi nyuma, safari hii imefichwa ndani ya plastiki ili hata asiye na uzoefu asiweze kusukuma. Ndani ya kijiti waliongeza bariamu ili kionekane kwenye picha ya eksirei kikipotea. Mtu aliyefikiria hilo alikuwa amefikiria siku ya kutoa.

Kurahisisha chombo kulibadili nani anaruhusiwa kukishika. Ethiopia, kuanzia 2009, iliwafunza wahudumu wa afya wa vijijini kuweka Implanon. Kinshasa, wanafunzi wa udaktari na uuguzi wamekuwa wakiweka Implanon NXT mitaani, chini ya mahema. Kwenye nchi yenye madaktari wachache hili si jambo dogo. Uchunguzi wa taifa wa Congo wa 2013 na 2014 ulikuta mwanamke huzaa wastani wa watoto 6.6, na wanandoa wanaotumia njia ya kisasa ni asilimia 8 tu.

Nyuma ya asilimia hiyo ndogo kuna historia. Kifungu cha 178 cha kanuni ya adhabu, urithi wa Wabelgiji, kilikataza kutangaza vizuizi vya mimba. Mobutu alizungumzia uzazi wa kupangwa mwaka wa 1972 na kuunda kamati yake mwaka uliofuata, lakini kifungu kiliendelea kuning’inia. Sheria ya afya ya tarehe 13 Desemba 2018 ndiyo iliyosema wazi kwamba mtu mwenye umri wa kuzaa anaweza kutumia njia ya kuzuia mimba. Kando ya ziwa letu sheria ilikutana na Kanisa Katoliki, ambalo vituo vyake hufundisha njia za asili, na ilikutana na mabwana, mashemeji na mama wakwe. Kijiti kina faida moja ambayo mashirika hayaiandiki sana kwenye mabango: hakionekani. Kidonge hukutwa chini ya godoro. Ila mkono ukipapaswa na mtu anayejua pa kupapasa, siri imekwisha.

Kalemie, Albertville ya zamani, imekaa pale Lukuga inapotoka ziwani kwenda kukutana na Lualaba. Tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Kwa upande wa afya, mji umegawanywa kati ya zone mbili, Kalemie na Nyemba. Kuna bandari, kuna reli ya taifa, SNCC, iendayo Kabalo na kuendelea hadi Lubumbashi, treni ikipatikana. Kuna mitumbwi ya injini inayovuka kwenda Kigoma. Baada ya vita vya Watwa na Waluba kushika moto mwaka wa 2016, kambi kama Kalunga na Katanyika zilijaa watu waliokuja na masufuria na watoto. Watu wa hapa hawatulii: mvuvi hufuata samaki, mchuuzi hufuata treni, mkimbizi hufuata utulivu. Mwanamke anayewekewa kijiti Kalemie leo, baada ya miaka 5 anaweza kuwa Moba, au Uvira, au kambi ya Nyarugusu upande wa Tanzania, ambako Wakongo wamekuwa wakiishi tangu 1996.

Sasa hesabu. Trokari huja na vijiti, ni ya kutumia mara moja. Anayeleta katoni ya Jadelle ameleta na chombo chake cha kuwekea. Koleo za kutolea hazimo. Zinanunuliwa kando, na baada ya kila mgonjwa lazima zioshwe, kisha zichemshwe kwa mvuke wa nyuzi 121, dakika 20 zikiwa wazi, 30 zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. Mji hupata umeme wa maporomoko ya Bendera. Kituo kilicho mbali na waya hutegemea chungu cha presha juu ya mbabula ya makala, na makala yana bei. Programu ikileta timu ya kuhama kijiji hadi kijiji, ripoti yake huhesabu vilivyowekwa, kwa sababu ndivyo wafadhili wanavyouliza. Timu ikiondoka, vijiti hubaki.

Bangladesh na Indonesia waliyapitia haya miaka ya 1980 na 1990: wanawake waliorudi wakilalamikia damu isiyokoma, au waliotaka mtoto, wakaambiwa muda haujafika, wavumilie, au walipe. Marekani yenyewe, Norplant ilipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, mwezi wa Desemba 1990, na mwezi uliofuata hakimu mmoja wa California akamwamuru mwanamke aliyewapiga watoto wake awekewe. Kesi za mahakamani zikafuata, nyingine zikilalamikia ugumu wa kutoa, zikichochewa na hofu ya silikoni iliyotokana na matiti: FDA ilikuwa imeyazuia matiti ya gel mwaka wa 1992, na Dow Corning ikaomba kinga ya kufilisika mwaka wa 1995. Mwaka wa 2002 Norplant iliondoka kabisa kwenye soko la nchi iliyoibuni. Mikononi mwa Waafrika silikoni iliendelea, na mimi nadhani ilistahili kuendelea. Ubaya haukuwa kwenye mpira.

Iliendelea kwa kasi zaidi bei iliposhuka. Kuanzia 2013, kwa makubaliano na wafadhili walioahidi kununua kwa wingi, Bayer ilishusha bei ya Jadelle kutoka karibu dola 18 hadi dola 8.50, na MSD, iliyokuwa ikimiliki Implanon wakati huo, ikafuata. Tanzania, uchunguzi wa 2022 ulikuta vijiti vimeipita sindano ya kuzuia mimba. Kenya vinakimbizana nayo bega kwa bega. Halafu mwaka wa 2025 misaada ya Marekani ikakatwa. Ghala la Geel, Ubelgiji, likabaki na vizuizi vya mimba vya dola milioni 9.7, vijiti vikiwa sehemu kubwa, na mwezi wa saba Washington ikasema vitateketezwa. Vingi vilikuwa vimepangiwa nchi tano, Congo, Kenya, Tanzania, Zambia na Mali. Magazeti yaliandika sana juu ya wanawake ambao hawatawekewa, na yalikuwa na haki. Waliokwisha kuwekewa hawakuandikwa sana, ingawa mradi ukifungwa, muuguzi aliyefunzwa kutoa naye hutafuta kazi kwingine.

Na kuna jambo dogo linalowasumbua wauguzi wa pande zote mbili za ziwa. Mama anafika kituoni na mkono wenye vijiti, kadi imeliwa na maji ya mvua au imebaki kwenye nyumba iliyochomwa. Muuguzi anapapasa. Kijiti kimoja ni Implanon. Viwili ni Jadelle ya miaka 5, au ni Levoplant, iliyotengenezwa Shanghai na kukubaliwa na WHO mwaka wa 2017, yenye miligramu zile zile 75 mara mbili, lakini iliyoingia sokoni kwa muda wa miaka 3. Chini ya ngozi ni mapacha. Hakuna alama ya kampuni, hakuna rangi, na vidole haviwezi kuvitofautisha. “Mama, walikuwekea lini?” Mama anakumbuka kwa njia yake: ulikuwa mwaka ziwa lilipopanda likaingia nyumbani, mtoto wa tatu alikuwa bado ananyonya. Muuguzi anahesabu kutoka hapo, anachukua miaka 3 badala ya 5, kisha anakwenda kuangalia kama koleo zimechemshwa.